Zaïko Langa Langa

Zaïko Langa Langa ni bendi ya rumba ya Kongo iliyoanzishwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Iliweka kando tarumbeta na saksafoni, ikategemea magitaa ya umeme na ngoma. Mdundo wa kavasha unahusishwa na mpiga ngoma wake, Meridjo Belobi. Mwimbaji wake Papa Wemba aliondoka mwaka 1974 na kuunda bendi ya Isifi Lokole pamoja na wenzake. Mgawanyiko wa 1988 ukazaa bendi nyingine, Familia Dei. Kwa sababu ya mparaganyiko huo, mashabiki wa siku nyingi wanaobishana nani alitunga wimbo upi, hata katika mji unaozungumza Kiswahili kama Bukavu, wanatunza historia yenyewe. Kumbukumbu hupotoka, ni kweli. Lakini karatasi ya katikati ya santuri kwa kawaida hutaja mtunzi wa wimbo, na hapo ubishi mwingi hukatwa. Baada ya migawanyiko hiyo, mwanzilishi mwenza Jossart N'Yoka Longo ndiye aliyebaki kuiongoza bendi.