Jinsi mwani unavyosafisha maji katika hodhi la matumbawe

Anayefuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe ndani ya hodhi la kioo hukabiliwa na tatizo moja ambalo bahari haina: uchafu hauna pa kwenda. Kwenye mwamba, mikondo pamoja na kupwa na kujaa kwa maji huondoa mabaki na kuyatawanya. Katika hodhi la lita 300 lililoko sebuleni, chakula kinachotiwa asubuhi hubakia mumo humo, kiwe kimeliwa au hakikuliwa.

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Hii ni sumu hata inapokuwa kidogo. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchangani huigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti. Nitreti haina ukali wa amonia, lakini hujilimbikiza wiki baada ya wiki, sawa na fosfeti itokayo kwenye chakula. Fosfeti ikizidi hudhoofisha uwezo wa matumbawe kujenga mifupa yao ya chokaa. Wakati huohuo, mwani hupata rutuba, ukatambaa juu ya mawe na kuyafunika matumbawe yaliyogharimu fedha nyingi.

Hapo ndipo wengi huuona mwani kuwa adui. Ukweli ni kwamba mwani unakula kile kile kinachomsumbua mfugaji. Linalotakiwa ni kuutengea mahali penye mwanga mkali na maji yaendayo kasi kuliko ndani ya hodhi kuu, ili uote huko na kuwahi rutuba kabla haijafika kwenye mawe.

Mwanasayansi Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, jijini Washington, ndiye aliyeifanya fikra hii kuwa mtambo. Alikuwa amechunguza miamba ya Karibi na nyasi fupi za mwani zinazoifunika. Hodhi lake la matumbawe lilifunguliwa kwa umma mwaka wa 1980, na hataza ya mtambo huo ikatolewa mwaka wa 1982. Hodhi kubwa la Townsville, Australia, lililofunguliwa mwaka wa 1987 likiwa na takriban lita milioni 2.5, nalo lilitegemea mwani kusafisha maji yake.

Mtambo wenyewe ni sahili: wavu mkwaruzo wa plastiki, maji yanayoporomoka juu yake kwa nguvu za pampu, na taa. Mwani huota wenyewe. Kwa kawaida wiki chache za mwanzo huleta utando wa kahawia unaoteleza, kisha nyuzi za kijani hufuata. Kila baada ya siku saba hivi, wavu hutolewa na kukwanguliwa chini ya maji baridi yasiyo na chumvi, ambayo huua wadudu wadogo wanaokula mwani. Usikwangue hadi wavu ung'ae. Mabaki ndiyo mbegu ya wiki ijayo.

Kazi hii ya kukwangua ndiyo kiini cha mambo. Mwani usiovunwa haujaondoa chochote: tabaka la chini hukosa mwanga, likaoza na kurudisha majini yote uliyomeza. Baharini wavunaji ni samaki kama tafi na pono.

Njia ya pili, iliyo maarufu zaidi majumbani, ni hodhi dogo la pembeni lenye furushi la mwani aina ya Chaetomorpha, ambao nyuzi zake ngumu husokotana kama waya wa kusugulia sufuria. Taa yake huwashwa usiku, wakati ile ya hodhi kuu imezimwa. Kwa kuwa mwani hufyonza hewa ya kaboni penye mwanga, maji hayaongezeki asidi sana kabla ya alfajiri.

Mwani aina ya Caulerpa hukua haraka na hupendeza macho, lakini unahitaji tahadhari. Waweza kumwaga mbegu zake zote kwa usiku mmoja, ukafa na kuchafua maji. Isitoshe, Caulerpa taxifolia ulionekana baharini huko Monaco mwaka wa 1984, ukaenea katika maeneo mengi ya Mediterania. California iliugundua mwaka wa 2000. Ilibidi ufunikwe kwa maturubai na kutiwa klorini, na haikutangazwa kuwa umetokomezwa hadi 2006.

Mwani hauondoi haja ya kupima maji na kuyabadilisha. Huacha rangi ya manjano ambayo mkaa maalumu huondoa, na humaliza madini ya chuma. Ukivuna kupita kiasi cha rutuba iliyopo, baadhi ya matumbawe hupauka kwa njaa.

Mavuno yasitupwe baharini, mtoni wala kwenye mtaro. Yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yatiwe kwenye taka au, baada ya kusuuzwa chumvi, kwenye mboji.