Khanmigo
Khanmigo ni programu ya kufundishia inayotumia akili unde. Ilitolewa Machi 2023 na Khan Academy, shirika la Marekani lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, ikitegemea modeli ya lugha ya GPT-4 ya OpenAI. Imeundwa isimpe mwanafunzi jibu. Humuuliza swali baada ya swali mpaka aone mwenyewe alipokosea. Hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa, maana jibu la kunakili halimfunzi mtoto hesabu. Walimu huitumia kuandaa maandalio ya somo, na wanaweza kusoma mazungumzo ya wanafunzi wao. Hata hivyo, modeli za lugha huweza kukosea hata hesabu nyepesi, tena kwa lugha ya kujiamini, hivyo Khanmigo iliongezewa kikokotoo.