Kuba ya Tudor na Milango ya Mji wa Kale

Historia ya sanaa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki aghalabu husimuliwa kuanzia Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937, na ambako jumba la maonyesho lilifunguliwa mwaka 1969. Masimulizi hayo yana haki yake, ila yamewazoesha wahakiki kuitambua hazina ya sanaa pale tu inapotundikwa ukutani na kuandikiwa jina la msanii. Katika kisiwa cha Mombasa, ukuta wenyewe ndio uliotangulia.

Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu kwa kifupi chake MIOME, ilitokana na fikra ya Gavana Philip Mitchell, ikachangiwa na Serikali ya Uingereza, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa ya Mabohora. Ilijengwa Tudor ili kuwapa vijana wa Kiislamu elimu ya ufundi, na dini iliyotajwa katika jina lake ikavikwa majengo: kuba, mnara, matao. Baada ya uhuru jina lilibadilika mara kadhaa: Taasisi ya Ufundi mwaka 1966, Politekniki mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na hatimaye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Majina yalipita, matao yakabaki. Kwa hiyo sanaa ya kwanza ambayo chuo hiki kiliirithi, na ambayo mwanafunzi huipita kila siku bila ya kuambiwa kuwa ni sanaa, ni majengo hayo.

Ni sanaa ya nani? Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, una mnara mnene uliochongoka kama pia iliyopinduliwa. Haufanani na wa Tudor hata kidogo, na misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na mnara kabisa. Yamkini mhakiki akatamka kwamba majengo ya Tudor ni ugeni mtupu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Roshani za Ndia Kuu nazo zina athari ya mafundi wa Kihindi, wala hakuna azitengaye na Mji wa Kale. Tofauti iko katika njia ya kuingilia: nakshi za roshani zilipita mikononi mwa fundi, mwanagenzi na mwenye nyumba, zikazoeana na mawe ya matumbawe na boriti, kuba ya Tudor ilishuka kamili kutoka katika ramani ya msanifu.

Hapa ndipo mlango wa nakshi unapomhusu mwanafasihi. Miimo yake, mfaa wake wa katikati na kizingiti cha juu hufuata mpangilio unaosomeka, na baadhi ya vizingiti vimechongwa maneno ya Kiarabu, aya au tarehe. Ni matini yenye mlengwa: humsemesha anayebisha hodi. Mlango ukiuzwa, au hata ukihifadhiwa kwa nia njema katika makumbusho, maandishi hubaki na mlengwa hutoweka. Inashangaza kwamba katika Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, michoro ya merikebu iliyoachwa na Wareno ingali ndani ya ngome ileile, ilhali milango ya wenyeji ndiyo inayosafiri.

Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu una nafasi yake katika mtaala wa fasihi. Kizingiti kilichochongwa kwa hati hizohizo hakina, ingawa kinasimama katika kisiwa kimoja na kuba ya Tudor, na bado kuna watu wanaokipita chini yake wakiingia nyumbani mwao.