Habari za Watoto Waliochelewa Kusimama, na Mazoezi Yaliyowasaidia

Wako miongoni mwetu watoto ambao hata majirani hawawajui. Katika kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa kazi yangu ya ukatekista nimewakuta, huyu katika chumba cha nyuma, yule juu ya mkeka karibu na jiko. Umri wake miaka minne, wala hakai, wala hatambai, na miguu yake imekakamaa kama fimbo. Ukimwuliza mama habari zake, hujibu kwa sauti ndogo, maana amekwisha kuambiwa kwamba mtoto amerogwa, au kwamba ni adhabu ya kosa la wazazi. Basi nimeona vema kuandika habari za watu waliotafuta kweli ya jambo hili, tupate kujua lilianzaje na limefika wapi.

Daktari aliyeyaeleza maradhi haya kwa uangalifu kuliko waliomtangulia alikuwa Mwingereza, William John Little, aliyezaliwa London mwaka 1810. Yeye mwenyewe alipooza utotoni, mguu wake wa kushoto ukapindika. Mwaka 1836 alisafiri mpaka Hanover, Ujerumani, kwa daktari Stromeyer, akakatwa kano la kisigino, na mguu ukanyoka. Akarudi kwao na nia ya kuwasaidia wenziwe. Hata mwaka 1861 akasimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa London, akawaeleza kwamba watoto wengi wenye viungo vilivyokakamaa walizaliwa kwa shida, au kabla ya siku zao, au walikawia kuvuta pumzi. Ubongo ndio ulioumia, si miguu. Mwaka 1897 Sigmund Freud wa Vienna akaongeza kwamba mara nyingi madhara huanza mtoto angali tumboni.

Siku hizi twayaita mtindio wa ubongo. Twajua pia kwamba umanjano mkali wa mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani huweza kuyaleta. Si uchawi, wala hayaambukizi.

Lakini kujua sababu si kusaidia. Kwa muda mrefu watoto hawa walipewa vyuma vya kushika miguu, na wengine kisu cha daktari. Mazoezi ya kutibu yalikuwako: Per Henrik Ling alifungua chuo chake Stockholm mwaka 1813. Walakini wachache walidhani kwamba ubongo ulioumia waweza kufundishwa.

Miongoni mwa waliodhani hivyo alikuwa Berta Bobath, aliyezaliwa Berlin mwaka 1907, mwalimu wa mazoezi ya mwili. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alikimbia utawala wa Hitler mwaka 1938 akaenda London. Karel, rafiki yake wa ujana, aliyesomea udaktari Prague, akamfuata mwaka 1939, na mwaka 1941 wakaoana. Wakati wa vita Berta aliitwa amhudumie mchoraji mmoja wa picha za watu, aliyepooza upande mmoja. Watu walidhani mkono uliokaza umekwisha kuharibika. Berta, kwa macho ya mwalimu, aliona kwamba akibadili jinsi mwili ulivyokaa, mkono hulegea. Basi ukazaji ule haukuwa kama mti mkavu. Ulikuwa kitu kiwezacho kubadilika. Akaanza kuwashughulikia watoto kwa njia hiyo, na mumewe akatafuta maelezo yake katika elimu ya ubongo. Mwaka 1951 wakafungua kituo chao.

Na hapa ndipo napenda walimu wenzangu wasimame kidogo. Mwanzoni Berta alimweka mtoto katika mkao wa kuulegeza mwili, akamshikilia hapo. Mtoto alilegea kweli. Lakini alipoachwa ajiendee mwenyewe, ukazaji ulirudi. Mama Bobath hakumlaumu mtoto, wala hakuficha. Yeye na mumewe walikiri kwamba walikosea, wakaigeuza kazi yao, wakamwacha mtoto ajongee mwenyewe, na mkono wa mwalimu umsaidie begani au nyongani tu. Waliendelea kujisahihisha hata uzeeni, wakafa siku moja, Januari 1991.

Miaka ile ile, katika mji wa Budapest, daktari András Pető alishika jambo hili kwa upande mwingine. Tangu mwaka 1945 aliwakusanya watoto pamoja kama darasa, akasema kwamba haja yao kubwa ni kufundishwa. Mtoto alitaja kwa kinywa chake jambo analotaka kutenda, kisha akahesabu moja hata tano huku akilitenda: kushika ubao wa kiti, kuinuka, kusimama. Aliyeweza alimtia moyo asiyeweza.

Mwaka 2013 wataalamu wa Australia, wakiongozwa na Iona Novak, walichunguza utafiti mwingi uliofanywa juu ya tiba hizi. Walionyesha kwamba mtoto kushikwa na kuchezeshwa viungo na mtu mwingine humfaa kidogo. Limfaalo ni kutenda mwenyewe, mara nyingi, jambo alitakalo, nyumbani kwake. Haba na haba hujaza kibaba.

Tusidanganyane. Ubongo ulioumia haurudi kuwa mzima, na wako watoto ambao hawatatembea kamwe. Lakini kukaa na kula pamoja na wenziwe, kushika kikombe, kuvuka chumba kwa kutambaa, hayo si madogo kwa mtu aliyekuwa amelala akitazama dari. Wala wataalamu hawako ng'ambo tu. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, hufundisha watu kazi hii ya tiba ya viungo. Na CCBRT, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1994, hupokea watoto wenye ulemavu.

Basi, wazazi, mtoto akifika miezi tisa bila kukaa, mpelekeni hospitali, wala msingoje. Maana samaki mkunje angali mbichi. Msivute viungo vyake kwa nguvu. Mkisha kufundishwa na mtaalamu, mkalisheni penye watu, mwekeni kikombe mahali ambapo atajitahidi kukifikia, nanyi mngoje. Kungoja huko ni kazi ngumu, maana mkono wa mama hutaka kumpa upesi. Walimu, mpokeeni darasani. Na sisi tuzungukao nyumba kwa nyumba, tusiondoke mlangoni kabla ya kuuliza: je, yuko mtoto mwingine ndani?