Viza za Wanafunzi Nchini Uingereza na Utetezi wa Familia

Tarehe 23 Mei 2023 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wanafunzi wa kimataifa wanaosoma shahada ya uzamili kwa njia ya mihadhara hawataruhusiwa tena kuambatana na wenzi wao wa ndoa wala watoto wao. Kanuni hiyo imewagusa wote walioanza masomo tangu tarehe 1 Januari 2024. Waliobakiwa na ruhusa ni wanaosomea shahada za utafiti, hasa uzamivu, pamoja na wanaofadhiliwa na serikali. Kwa mwalimu wa Moshi au muuguzi wa Kisumu anayejilipia ada, naye ana mtoto mchanga, maana yake ni kuchagua kati ya masomo na malezi.

Serikali hiyo ilikuwa na hoja yake, nasi tunapaswa kuisikiliza. Viza za wategemezi wa wanafunzi zilipanda kutoka takribani 16,000 mwaka 2019 hadi takribani 136,000 mwaka 2022. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inafundisha kwamba mataifa yenye neema ya mali yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo, na kwamba mamlaka halali inaweza kuweka masharti kwa ajili ya mafao ya wengi. Mgeni naye anapaswa kutii sheria za nchi iliyompokea. Basi hatusemi kwamba kila sharti la viza ni dhuluma. Wala hatuwatetei mawakala wanaouza nyaraka za kughushi, ambao humwumiza kwanza mwanafunzi mwenyewe.

Kampeni iliyofuata ilihusu ruhusa nyingine: ile inayomwezesha mhitimu kubaki na kufanya kazi kwa miaka miwili, au mitatu kwa mwenye uzamivu, iliyoanzishwa tarehe 1 Julai 2021. Mwaka 2024 Serikali iliiagiza Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji kuichunguza, na wengi wakahofia kwamba ingefutwa. Vyuo vikuu na vyama vya wanafunzi vikapaza sauti. Mwezi Mei mwaka huo Kamati ilieleza kwamba haikuona ushahidi wa matumizi mabaya yaliyoenea, tena kwamba ada za wanafunzi wa kigeni husaidia kuziba pengo la gharama za utafiti na za kuwafundisha Waingereza wenyewe. Ikapendekeza ruhusa hiyo ibaki, nayo ikabaki. Hata hivyo, mwezi Mei 2025 Serikali mpya ilitangaza kuipunguza hadi miezi 18 kwa wahitimu wasio na uzamivu, na punguzo hilo linawahusu watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027.

Kwa maoni yetu, hapa pana fundisho kuhusu kampeni zenyewe. Hoja ya fedha ilisikika. Hoja ya familia haikupata nguvu ya namna hiyo, maana mtoto aliyebaki kwa bibi yake haonekani katika hesabu za chuo. Ndiyo maana Mama Kanisa hawezi kunyamaza. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inataka familia za wahamiaji zilindwe kama familia nyingine zote. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Fratelli tutti ya mwaka 2020, alitaja matendo manne mbele ya mhamiaji: kumpokea, kumlinda, kumwendeleza na kumshirikisha. Anayepokelewa kwa ajili ya ada yake tu, huku ndoa yake ikiachwa nje ya mlango, amepokelewa nusu.

Waamini wetu wanaosoma huko wana nafasi ambayo wengi hawaifahamu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ambao wanaishi Uingereza kihalali na wametimiza umri wa kupiga kura, wanaweza kujiandikisha na kuchagua wabunge wa nchi hiyo. Hata kabla ya uchaguzi, mwanafunzi anaweza kumwandikia mbunge wa jimbo analoishi au kwenda kumwona siku anapopokea wananchi, akimweleza kwa adabu na kwa ukweli jinsi kanuni ilivyoigusa nyumba yake. Padre mlezi wa wanafunzi chuoni anaweza kumsaidia kuandaa maelezo hayo. Wanaojiandaa kuondoka nao wasome masharti ya viza pamoja na wenzi wao kabla ya kulipa ada, kwa kuwa uamuzi huo ni wa nyumba nzima.