Samaki Aliyedai Kuni

Anayetafuta chanzo cha gharama za nishati majumbani Busisi aanze na samaki kabla ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hadi miaka ya 1970 Ghuba ya Mwanza, inayopakana na Busisi, ilijaa furu, samaki wadogo walioanikwa juani bila ukuni hata mmoja. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akaitawala ghuba miaka ya 1980. Kwa ukubwa na mafuta yake, jua halikumtosha. Alidai kubanikwa au kukaangwa. Utasema alileta fedha. Kweli, ila minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, wenyeji wakakaanga mapanki, yaani mabaki ya vichwa na mifupa. Dagaa ndiye aliyeendelea kuanikwa mchangani, ingawa karabai za kumvulia nazo zilikunywa mafuta ya taa usiku kucha.