Tafakuri ya kinywa

Mchungaji wa Yahuma akiwaambia waumini watafakari Neno wiki nzima, wengi wataelewa kwamba wanatakiwa wakae kimya wafikiri. Kwa Kiswahili hawajakosea. Tafakuri ilitoka Kiarabu, ni ukoo mmoja na fikra na fikiri, na kazi yake iko kichwani. Komanyola ya Kilingala, lugha inayosikika sana upande huo wa Tshopo, nayo inaelekea huko huko.

Kiebrania cha Zaburi ya 1 kinasema hagah. Ni kitenzi kile kile anachokitumia Isaya kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (31:4) na kwa hua anayelia (38:14): sauti ya chini chini, inayotoka kooni. Katika Yoshua 1:8 agizo la kwanza ni kwamba torati isiondoke kinywani, ndipo inapofuata hagah ya mchana na usiku. Biblia ya Kiswahili ya Union imeweka tafakari katika aya zote mbili, na sioni ni neno gani lingefaa zaidi. Kunong'ona kunanukia siri, na kunung'unika ni lalamiko la Waisraeli jangwani. Kwa hiyo istilahi ibaki, ila tuifundishe pamoja na kinywa chake.

Jambo hili lina uzito hasa vijijini. Anayeamini kwamba tafakuri ni kufikiri tu ataamini pia kwamba inadai shule, Biblia yake mwenyewe na taa ya kusomea usiku. Kumbe mama asiyejua kusoma anaweza kuushika mstari mmoja aliousikia kwenye sala ya asubuhi, akautamka polepole huku akitwanga pondu, akakawia leo kwenye neno moja na kesho kwenye jingine. Huyo anatafakari kikamilifu, tena pengine kuliko mhubiri anayefunua Biblia Jumamosi usiku kutafuta hoja tatu za kesho yake. Kazi ya mhubiri huyo ni ya lazima, lakini jina lake ni maandalizi.

Wakatoliki wengi wa jumuiya ndogo ndogo wanalijua zoezi hili kupitia hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Katika hatua ya tatu kila mmoja huchagua neno au kifungu kifupi kutoka katika somo, hukitamka kwa sauti kama sala, kisha wote hunyamaza kabla ya mwingine kutamka chake. Hakuna anayeeleza maana. Wageni wa njia hii huona hatua hiyo inapoteza muda na hukimbilia mazungumzo; kiongozi asiwaachie.

Watu wa mtoni kati ya Isangi na Kisangani wana mfano wao wa tangu zamani, nao ni lokole, ngoma ya kupelekea ujumbe. John Carrington, mmisionari Mbaptisti wa Yakusu, alieleza katika kitabu chake cha 1949 kwamba ngoma hiyo hubeba toni tu, na maneno mengi yana toni zinazofanana. Kwa hiyo mpigaji hunyoosha neno moja likawa kifungu kizima, akakirudia, mpaka msikilizaji wa mbali alitambue. Mstari wa Zaburi nao hutaka kurudiwa hivyo kabla haujaeleweka.

Kwenye daftari za mafundisho ya wakatekista na wachungaji ningeandika "kutafakari kwa kutamka" mara ya kwanza neno linapotokea, kisha "tafakuri" peke yake kurasa zote zinazofuata.